Ruhusa ya Kusoma Tu

Usiku wa jana nimeota ndoto ambayo, kwa haki kabisa, ilipaswa kumwendea fundi mwenzangu Lusungu Mlelwa. Sijui ilipoteaje njia. Labda ilifika barabarani, ikakuta kibanda chake upande wa kushoto na changu upande wa kulia, ikakosea mlango. Wateja ndio huwa hawakosei.

Nijitambulishe usije ukasema naropoka. Mimi ni Gaudensi Ngailo, fundi wa kompyuta hapa Njombe, mwaka wa kumi na saba sasa. Sifungui tu mashine nikapuliza vumbi nikafunga. Nina msimamo. Naamini kompyuta ya mtu ni nyumba yake, na mfumo endeshi ndio msingi wa nyumba hiyo, na mtu mwenye akili timamu hajengi juu ya msingi ambao haruhusiwi hata kuuchungulia. Kwa hiyo natumia mfumo huru, ule wa bure, ambao yeyote anaweza kuufungua akaona umetengenezwaje. Ule mwingine, wa kununua, ambao hapa mjini sijaona mtu aliyewahi kuununua, siuweki kabla sijamweleza mteja madhara yake. Maelezo huchukua dakika arobaini. Wengi huondoka dakika ya kumi, wakavuka barabara.

Mke wangu Skolastika ni mwalimu wa sayansi shule ya msingi. Miezi miwili iliyopita, alipokuwa kwenye mazoezi ya kwaya, nilifuta kila kitu kwenye laptopu yake nikaweka mfumo huru. Mafaili yake niliyahifadhi kwanza, mimi si mwendawazimu. Ilikuwa zawadi ya kutimiza miaka ishirini na moja ya ndoa. Kazi ya kwanza aliyoifanyia ilikuwa kutunga mtihani wa darasa la tano, na mtihani ulipofika steshenari kuchapwa, kwenye mashine za ule mfumo mwingine, mistari ilihama, na michoro ikahama nayo. Skola hakusema neno. Wiki iliyofuata niliiona laptopu yake juu ya kaunta ya Lusungu, inarudishiwa mfumo wa zamani, na kipande cha utepe wa karatasi kimebandikwa kwenye mfuniko.

Asiye fundi hawezi kujua utepe ule ulinifanya nini. Kila fundi hapa mjini anabandika utepe. Tunaandika jina la mteja, namba ya simu na paswedi, ili tusimpigie kila tunapowasha mashine. Mimi paswedi ya mke wangu siijui. Miaka ishirini na moja siijui, na Lusungu kaiandika kwa kalamu ya wino mzito, kaibandika mahali ambapo hata muuza karanga anaweza kuisoma.

Ni wivu, ndiyo. Sina haja ya kuutafutia jina lingine.

Basi, ndoto.

Narudi nyumbani kutoka kazini. Nagonga. Mlango unasema, "Jina la mtumiaji."

"Ngailo."

"Akina Ngailo ni wengi."

"Gaudensi. Baba wa nyumba hii."

Mlango unapekua kidogo, kama karani na daftari lake. "Upo," unasema. "Umesajiliwa kama mgeni. Ingia. Chochote utakachofanya humu kitafutwa ukitoka."

Nauliza nani kanisajili hivyo. Mlango unasema hilo ni swali la mkuu wa mfumo, na mimi si mkuu wa mfumo. Bawaba za mlango huo nimezifunga mimi kwa mikono yangu, lakini sioni faida ya kubishana na mbao. Naingia.

Sebuleni Skola amekaa mezani anasahihisha madaftari. Anaongea na taa ya mezani. Sisikii anachosema, ila naona anacheka, na taa inaitikia kwa kufifia na kuwaka. Ni kicheko chake kile cha mabega, ambacho sijakiona nyumbani kwangu tangu kabla ya mavuno ya viazi.

"Habari za leo, Mama Oliva," nasema. Oliva ni binti yetu, yuko bweni.

Maneno yangu yanatoka mdomoni yakiwa makavu, yanadondoka sakafuni na kutawanyika kama maharage. Skola anayasogeza kwa mguu chini ya kabati bila kuangalia. Chini ya kabati naona mengine, mengi, ya siku nyingi. Mengine yameanza kuota.

Naenda kwenye chupa ya chai. Naikamata mpini. Haiinuki.

"Unaruhusiwa kusoma tu," inasema chupa.

"Kusoma nini?"

"Ubavuni pangu pameandikwa 'Karibu Mgeni'. Soma."

Nasoma. Pameandikwa hivyo kweli.

Hapa inabidi nieleze, maana hii ni sheria ya mfumo huru na naifahamu kuliko sala ya jioni. Kila faili lina ruhusa tatu. Kuna kulisoma, kuna kuliandika, na kuna kulitekeleza, yaani kuliambia lifanye kazi. Mwenye faili ndiye anayeamua nani apewe nini. Ni utaratibu mzuri sana. Nimeusifia mbele ya wateja kwa miaka mingi, na sikuwahi hata siku moja kuwaza kuwa ungekuja kunizuia kunywa chai.

Namtazama Skola vizuri. Juu ya bega lake, karibu na kola, pana maandishi madogo meusi. *Mume: kusoma.* Basi. Hakuna kuandika, hakuna kutekeleza. Chini yake pana mstari mwingine, na kabla sijausoma anavuta kanga, mstari unafunikwa.

"Mstari wa pili ni wa nani?" naiuliza chupa.

"Siwezi kusema."

"Ni Lusungu?"

"Mimi ni chupa ya chai, Baba Oliva."

"Nimeuliza kwa adabu."

"Na mimi nimekujibu kwa adabu. Malalamiko ya ruhusa yanapokelewa Ofisi ya Ruhusa. Toka nje, ni hapo hapo."

Natoka nje. Nje si mtaani kwetu tena. Ni banda la kupimia majani ya chai, lile refu lenye paa la bati, ila mizani imeondolewa. Mwisho kabisa pana dirisha moja lenye nondo, na foleni imeanza hapa nilipo.

Mbele yangu imesimama chaja iliyovunjika shingo, imefungwa bandeji ya gundi nyeusi. Mbele yake kuna printa inayolalamika kuwa haina karatasi, huku inatafuna moja. Mbele ya printa kuna flashi, nyembamba, ya kijani, inakohoa.

"Virusi?" naiuliza.

"Kidogo," inasema flashi. "Mimi huingia kila mahali. Steshenari, hospitali, kanisani, chuoni. Usinitazame hivyo, ndiyo kazi yenyewe."

Kuna swali limenijia, na nalijua ni swali la kijinga, na nauliza hivyo hivyo.

"Kwenye mashine ya mke wangu umewahi kuingia?"

"Yupi?"

"Mwalimu Skolastika."

"Mara nne," inasema flashi. "Nilimpelekea nyimbo za kwaya. Mtu mkarimu sana. Kila mara alinitoa kwa utaratibu, hakunichomoa kwa nguvu."

Nataka iwekwe wazi kwamba nilikionea wivu kifaa cha gigabaiti nane. Nikaipita kwenye foleni bila kuomba radhi.

Dirishani ameketi karani. Amevaa shati jeupe, na kifuani ana kioo badala ya vifungo, kiasi kwamba unaona kila kinachoendelea ndani: magurudumu madogo, kamba, karatasi zikipita kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Sijawahi kumwona kwa sura, lakini namfahamu. Ni Mfumo Huru mwenyewe.

"Ni mimi," namwambia. "Ngailo. Nimekutetea miaka kumi na saba. Kwenye harusi ya mdogo wangu nilipewa kipaza sauti nikakutetea wewe."

"Nakumbuka," anasema. "Walikata sauti."

"Basi waambie mimi ni mkuu wa mfumo."

"Kwenye mashine yako, ndiyo. Mashine hii si yako."

"Ni ya mke wangu."

"Ndicho nilichosema."

Nyuma yake, kwenye kibanda chake cha karani, naona picha zimebandikwa ukutani. Ni watu. Maelfu ya watu, wa rangi zote, wamekumbatia mashine zao, na kila mmoja anatabasamu tabasamu lile lile ninalotabasamu mimi nikiwasha yangu asubuhi.

"Hawa ni akina nani?"

"Watumiaji wangu."

"Wote hawa?"

"Mimi ni huru, Ngailo. Ulisema ndicho kilichokuvutia."

Nasimama pale dirishani nikiwa nimeonea wivu vitu vitatu kabla hata sijajaza fomu: fundi, flashi, na sasa mfumo endeshi.

Kabla sijajikusanya, foleni inapasuka katikati, na ng'ombe anaingia. Ni ng'ombe wa kuchorwa kwa penseli. Ubavu wake mmoja uko wazi, na ndani yake matumbo manne yameonyeshwa kwa mishale na herufi A, B, C na D. Amepakwa rangi ya njano kuanzia pembe hadi kwato.

"Samahanini," anasema ng'ombe kwa sauti ya kuchoka. "Natafuta swali la saba."

Karani anamwuliza yuko wapi kwa sasa.

"Chini ya swali la kumi na mbili. Linauliza juu ya mwezi mpevu. Watoto tisini na sita wameambiwa wapake rangi sehemu inayong'aa." Ananigeukia. "Wengine walinipaka kwa bidii sana. Kuna mmoja alilia, alidhani kuna jambo hakufundishwa."

"Sikukusudia," namwambia.

"Mwalimu alisimama mbele ya mwalimu mkuu nusu saa nzima akinieleza," anasema ng'ombe. "Hakukutaja jina. Alisema, 'Ni makosa yangu.' Mimi nilikuwa mezani, nilisikia."

Hilo silijui. Naapa nilikuwa silijui. Namwuliza ng'ombe siku gani, naye anasema yeye ni mchoro, hana kalenda. Anaendelea na safari yake akiuliza kila mtu swali la saba lilipo.

"Uliniingiza kwenye mashine ya yule mwanamke akiwa kwaya," anasema karani, akipiga muhuri karatasi. "Hukumwuliza. Mimi mwenyewe hukuniuliza."

"Ilikuwa zawadi."

"Zawadi mtu hupewa mkononi, akiwa macho. Nenda kwa fundi."

"Mimi ndiye fundi."

"Leo wewe ndiye mashine," anasema, na dirisha linafungwa.

Sikumbuki kutembea. Nimelala chali juu ya kaunta, na kwa kona ya jicho naona kibanda changu mwenyewe ng'ambo ya barabara, kimefungwa, na kibao changu kinachosema *Uhuru Kwanza*. Kutoka hapa kinaonekana kidogo sana.

Lusungu Mlelwa ananiinamia. Nilitegemea katika ndoto awe na masikio makubwa, au pembe, au angalau meno ya dhahabu. Ana masikio ya kawaida. Amevaa sweta lile lile la kijivu lililochanika kiwiko. Nakasirika.

"Karibu, kaka," ananiambia. "Inasumbua nini?"

Hayo tu.

Nasubiri aendelee. Mimi hapo huwa nimeshaanza: mteja akisema mashine nzito, namwambia uzito ni wa mfumo wake, na kama ana dakika chache nimweleze historia fupi. Lusungu hasemi kitu. Amekunja mikono, ananitazama kama mtu aliye na siku nzima. Ukimya ule unaniwasha mwili mzima.

"Mke wangu haniambii kitu," nasikia nikisema.

Anachukua kalamu, anaandika. *Mke hamwambii kitu.*

"Ilianza lini?"

"Sijui. Taratibu. Zamani akirudi shule nilikuwa nasikia mambo ya walimu wote mpaka ya mlinzi. Siku hizi anasema 'salama', anaweka mkoba."

Anaandika. "Na wewe ulikuwa unafanya nini ilipoanza?"

Hili swali ni la kazi. Kila fundi hulitumia. Ulikuwa unafanya nini ilipozima? Ulifungua nini? Ulichomeka nini? Nimeliuliza mara elfu kumi, na hakuna aliyewahi kuniuliza mimi.

"Nilikuwa naongea," namwambia.

Lusungu anaitikia kwa kichwa. Hanihubirii. Anaandika *Alikuwa anaongea*, anapigia mstari chini.

Basi hasira inanipanda, maana mtu hawezi kuvuliwa nguo kiasi hicho na mshindani wake akabaki mpole. Nainuka kaunta, namshika sweta.

"Nipe paswedi yake! Unayo. Umeiandika kwenye utepe. Nimeona utepe kwa macho yangu!"

"Utepe una jina na namba ya simu, kaka."

"Na paswedi."

"Paswedi sina."

"Uliiwashaje?"

"Nilimpa mashine akaandika mwenyewe," anasema Lusungu. "Mimi niligeuka nikatazama ukutani. Huwa nageuka."

Pale ukutani pana kalenda ya duka la pembejeo, na mbele yake sakafu imelika mahali pa visigino viwili, kwa miaka ya kugeuka.

Nimefanya kazi hii miaka kumi na saba na sikuwahi kuwaza kwamba mtu anaweza tu kugeuka. Nilidhani nitafurahi. Wiki kadhaa nimekonda kwa ajili ya neno moja, kumbe hakupewa. Badala yake nikamchukia zaidi, kwa sababu sasa nilikuwa na sababu nzuri ya kumwonea wivu.

"Nitakuwasha upya," anasema. "Usiogope, kutakuwa giza kidogo." Akanibonyeza katikati ya paji la uso, akashikilia.

Giza likawa kidogo, kama alivyosema.

Niko nyumbani. Sebule tupu. Taa ya mezani imezimwa, na katikati ya meza ipo laptopu ya Skola, imefunguka. Navuta kiti.

"Neno la siri," inasema laptopu. Inatumia sauti ya Skola ya darasani, ile inayofanya hata mimi nikae wima.

Najaribu jina lake la ukoo.

"Si hilo. Yamebaki matatu."

Najaribu siku aliyozaliwa Oliva.

"Si hilo. Mawili."

Naandika tarehe ya harusi yetu. Naikosea mwaka, narekebisha, nabonyeza.

"Si hilo. Limebaki moja, na baada ya hapo nitafungwa."

Vidole vimesimama juu ya herufi. Limebaki jina langu. Nataka sana liwe jina langu. Nimeandika herufi mbili za kwanza, nasita, kwa sababu likiwa silo nitalijua hilo maisha yangu yote. Nafuta herufi mbili.

"Silijui," naiambia mashine. "Naomba kuingia."

Feni inazunguka ndani.

"Rudia."

"Naomba. Kama haiwezekani, sawa."

"Hujawahi kuomba kabla ya leo," inasema laptopu. "Nimepekua kumbukumbu zote." Na inafunguka.

Kwenye uso wa kioo hakuna michezo, hakuna picha za Lusungu, hakuna barua. Kuna folda moja katikati. Imeandikwa *Nitamwambia Kesho*.

Naifungua. Mafaili mia moja arobaini na matatu, yamepangwa kwa tarehe, la kwanza la miaka miwili iliyopita. Nasoma majina. *Oliva kaanza kuogopa hesabu. Alichosema Mwalimu Kihwele hadi nikatoka nje kucheka. Goti. Ng'ombe wa njano. Ndoto ya mama. Siku ya mvua ya mawe. Goti tena.*

Nabonyeza la kwanza. Halifunguki. Nabonyeza *Goti*. Halifunguki.

"Majina tu," inasema laptopu. "Unaruhusiwa kusoma majina."

"Goti lake lina nini?"

"Silo la kwangu kusema."

Nakaa pale natazama folda ile, na naona wivu mkubwa kuliko wote niliowahi kuuona, wa fundi haufikii hata nusu. Jioni nyingi kwa miaka miwili mke wangu amekuja hapa. Si kwa mwanaume. Amekuja kwenye folda, akaipa yale ambayo alibeba njia nzima kutoka shule kwa ajili yangu. Folda haikumkatiza.

"Nipe ruhusa ya kuandika," naomba.

"Sentensi moja."

Naanza mara moja. *Kwanza kabisa ifahamike kwamba tofauti ya msingi kati ya mifumo hii miwili*

"Ngailo," inasema laptopu.

Nafuta. Nasubiri. Nasikia mikono yangu inataka kueleza. Kisha nachagua faili moja kati ya yale yote, sijui kwa nini hilo, labda kwa kuwa siku yenyewe naikumbuka, na naandika chini ya orodha: *Siku ya mvua ya mawe ulitaka kuniambia nini?*

"Limehifadhiwa," inasema laptopu. "Sasa amka, kuna mtu anahitaji kiti hiki."

Nikaamka.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Ukungu umeshika madirisha kama kawaida yetu, na redio ya jirani ilikuwa inatangaza bei za viazi. Nilibaki nimelala dakika chache nikimlaani Lusungu kwa mazoea. Kisha nikatoka sebuleni na blanketi mabegani.

Skola alikuwa mezani mbele ya laptopu yake. Hakuwa anaandika. Mikono alikuwa ameiweka mapajani.

"Baba Oliva," alisema bila kugeuka. "Paswedi yangu umeijulia wapi?"

"Siijui," nilimwambia. Na ilikuwa kweli. Nilikosea mara tatu.

"Mashine ilikuwa imezimwa. Niliizima mwenyewe jana, nikaifungia kwenye mkoba wa shule."

"Siijui, Mama Oliva. Haki ya Mungu."

Akaigeuza mashine taratibu nione. Ilikuwa ile folda ya ndotoni, orodha ndefu ya mafaili. Mwisho kabisa, chini ya yote, palikuwa na sentensi moja yenye kiulizo.

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na mengi ya kueleza: saa ya mashine, kumbukumbu za kuingia, jinsi mfumo ule wa kununua unavyoacha milango wazi. Nikaufunga mdomo. Nikakunja mikono, nikasimama pale na blanketi langu kama mtu aliye na siku nzima.

Redio ikamaliza viazi, ikaingia mahindi.

"Siku ile ya mvua ya mawe," alisema Skola, "nilikuwa nimetoka kuitwa na afisa elimu. Walitaka kunipa shule. Niwe mwalimu mkuu, kule bondeni."

Siku ile naikumbuka vizuri. Aliingia amelowa, na mimi nilikuwa nimefanikiwa kuifanya mashine yangu iwake kwa sekunde tisa. Nilimwita aje aone. Niliizima na kuiwasha mara nne mbele yake, akiwa na viatu vya tope mkononi.

"Nilikataa," alisema. "Kule umeme haujafika. Nikawaambia mume wangu atakufa akikosa mashine zake."

Nilitaka kumwuliza kama Lusungu alishaijua habari hii. Swali lilikuwa limeshafika kwenye meno. Sikuuliza hivyo, ila nilikaribia.

"Hukumwambia mtu?"

Akageuka, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza asubuhi ile.

"Mtu gani, Baba Oliva? Mtu wangu si wewe?"

Nikavuta kiti, nikakaa. Mafaili yalikuwa yamebaki mia moja arobaini na mawili.